Koti la Mwanaidi Limevuka Maji

MWANAIDI: Inarekodi, anza. Na leo usigonge meza, watu walilalamika.

SHEBE: Haya, karibuni. Mnatujua: mimi yule wa kuzurura na begi, na huyu dada yenu wa ndani, wa pazia la bluu. Leo tuna mambo matatu kwa anayeanza kupiga picha za watu kwa kujitegemea. Bei, advansi, na…

MWANAIDI: Mwanga.

SHEBE: Na mwanga. Ila kwanza nikupe cha Jumamosi, maana kimenikaa kooni.

MWANAIDI: Ndiyo maana hujibu meseji.

SHEBE: Kuna binti yuko Maskati, kazini. Kanitafuta, anataka picha ya baba yake, kubwa, ya ukutani. Mzee yuko Kigamboni, fundi cherehani. Nikapanda pantoni na begi langu na ile reflekta, ya kurudishia mwanga usoni.

MWANAIDI: Ile ambayo kila mtu anadhani ni ya kukingia jua kwenye kioo cha gari.

SHEBE: Kuna jamaa palepale kwenye pantoni kaniuliza nauzaje! Basi, nimefika jua limeshachachamaa. Si unajua jua letu likipanda linakaa utosini, ukimpiga mtu nje macho yote yanageuka mashimo. Lakini mzee cherehani yake iko mlangoni, barazani, na mbele yake kuna ukuta wa jirani umepakwa chokaa. Jua linapiga ule ukuta, linarudi kwake limelainika, linamgusa shavu moja. Reflekta sikuitoa hata kwenye mfuko.

MWANAIDI: Ndiyo mwanga huo. Somo la tatu limeisha.

SHEBE: Ngoja. Kavaa singlendi, futi shingoni, miwani imeshuka puani, anatunga uzi kwenye sindano, mdomo kaukaza hivi. Nikapiga. Lenzi ya milimita 50, tundu lake nimelifungua mpaka 1.8, jicho la karibu limekaa kali, cherehani kwa nyuma imeyeyuka. Dada, picha za namna ile hazinijii kila siku.

MWANAIDI: Halafu?

SHEBE: Halafu mzee akaniangalia, akasema, "Wewe, ngoja nivae." Kaingia ndani, katoka na koti.

MWANAIDI: Koti! (anacheka) Koti gani?

SHEBE: La suti, jeusi. Na si lake! La mteja. Mteja kalipa nusu, akapotea. Begani nyuzi nyeupe za kushikiza bado zinaonekana, na mkono wa kushoto una mstari wa chaki.

MWANAIDI: Huyo ni ndugu yangu wa damu.

SHEBE: Nilijua utasema hivyo. Nilipoliona tu nikasema, koti la Mwanaidi limevuka maji.

MWANAIDI: Msikilizaji mgeni, kama upo: hapa studio nina koti moja jeusi na tai moja nyekundu, vya pasipoti saizi. Unakuja na fulana ya mpira, unatoka mheshimiwa.

SHEBE: Waambie mgongoni likoje.

MWANAIDI: Siri za kazi hizo.

SHEBE: Kalipasua! Kutoka kola mpaka chini, ili limwingie mnene na mwembamba. Kwa mbele waziri, kwa nyuma mgongo uko nje.

MWANAIDI: Na kibanio cha nguo pale kiunoni, usikisahau. Kola yake ina poda ya kila rangi, maana kina dada nao wanalivaa. Koti hili limeomba kazi kila mahali, limefungua akaunti benki, limejiunga na vyuo.

SHEBE: Limegombea uenyekiti wa mtaa.

MWANAIDI: Wagombea wawili, mtaa mmoja, koti moja! Mabango yamebandikwa nguzo moja. Mimi nilinyamaza, wote walilipa.

SHEBE: Na limeshazikwa mara ngapi?

MWANAIDI: Acha. Mtu akifariki, familia inatafuta picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, wanakuta ya pasipoti tu. Nikienda msibani naliona koti langu. Sijui nilie marehemu au nilie koti.

SHEBE: Kwa kamera koti jeusi ni balaa. Ukiiachia kamera ijipimie, ikiona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, uso unafifia, mtu anageuka rangi ambayo mama yake haijui.

MWANAIDI: Ndiyo unashusha. Mimi nashusha karibu stopu moja, yaani nusu ya mwanga, napimia shavuni. Halafu mteja anarudi kusema nimemfanya mweusi. Nilikukuta hivyo, baba!

SHEBE: (anacheka) Basi, mzee kakaa na koti la watu. Mabega juu, kidevu juu, mikono magotini, pumzi kaibana. Yule fundi niliyemwona dakika tano nyuma kaondoka.

MWANAIDI: Hajaondoka. Kavaa.

SHEBE: Nimepiga zote mbili, nimemtumia binti. Binti kaiona ya futi, kalia. Kanipigia simu analia. Mzee naye kaambiwa, kasema hiyo isitundikwe popote. Ya koti ndiyo yake.

MWANAIDI: Basi imekwisha. Chapisha ya koti.

SHEBE: Imekwishaje? Aliyelipa ni binti.

MWANAIDI: Hela imenunua kazi yako, Shebe. Uso wa baba yake haujanunuliwa.

SHEBE: Na jicho langu je? Kaniita mimi kwa sababu kaona kazi zangu. Angetaka koti angemleta kwako na bajaji. Wajukuu zake kesho watataka kumjua babu yao alikuwa nani, mikono yake ilikuwaje. Koti linawaambia nini? Hata saizi si yake.

MWANAIDI: Wewe siku ya harusi yako ulivaa nini? Singlendi?

SHEBE: Harusi ni harusi.

MWANAIDI: Na kwake kupigwa picha ni shughuli! Ndivyo tulivyokuwa pwani yote hii. Mpiga picha Ranchhod Oza kafungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930. Unadhani watu walikwenda pale na nguo za shambani? Walijipamba kwanza. Wale wapiga picha wa Likoni, pale kwenye feri ya Mombasa, miaka ya 1990, walitundika mapazia yenye ndege na meli. Mtu hajawahi kupanda ndege, anapigwa na ndege. Hadanganyi, anakwambia anataka aonwe vipi.

SHEBE: Oza huyohuyo alitoka na kamera akapiga mitaa ya Mji Mkongwe. Watu na shughuli zao. Na leo hizo ndizo tunazoziangalia.

MWANAIDI: Mtaa haujamwambia asiutundike. Mzee kakwambia, kwa mdomo wake. Na nikuulize, kila mgeni anayeshuka hapa na kamera anatafuta nani? Mzee wa singlendi. Mzee mwenye koti nani anamtafuta?

SHEBE: Mimi si mgeni, dada. Hilo usiniambie. Nimekaa na mzee, nimekunywa kahawa yake.

MWANAIDI: Kahawa umeinywa, neno lake umelitema.

(Kimya.)

SHEBE: Sikubali. Kuna mtu anajua anavyotaka kuonekana, na kuna mtu anayempenda anajua alivyo. Binti yake kalia, Mwanaidi. Kwa koti hakulia.

MWANAIDI: Mimi pia sikubali. Binti atalia Maskati, mzee atakaa na majirani zake Kigamboni. Na usije ukaiweka mtandaoni hiyo picha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, na uso wa mtu umo.

SHEBE: Sijaiweka.

MWANAIDI: Lakini unataka.

SHEBE: Nataka sana.

MWANAIDI: Angalau umesema kweli. Umechapisha ipi?

SHEBE: Sijachapisha. Fremu nimeshanunua, imekaa tupu nyumbani, mke wangu anauliza ya nani.

MWANAIDI: Leta hapa, nitaichapisha ya koti bure.

SHEBE: Na ya futi?

MWANAIDI: Ya futi bei ya kawaida. Mara mbili.

SHEBE: Unaona roho hiyo? Wasikilizaji, andikeni, mtuamue.

MWANAIDI: Wasituamue. Wakiniambia nimekosea sitabadilika.

SHEBE: Mimi pia. Haya, tuingie kwenye masomo. La kwanza, bei. Picha za mtu mmoja, saa moja na nusu ya kazi, usisahau nauli na muda wa kuzihariri, maana…

MWANAIDI: Adhana hiyo.

SHEBE: Magharibi tayari? Hatujasema hata moja!

MWANAIDI: Mwanga tumesema. Na kuna mteja mlangoni tangu saa ile, kanyamaza kwa adabu. Samahani kaka, ingia, kaa hapo.

SHEBE: Advansi basi, kwa ufupi: chukua nusu kabla hujapanda pantoni.

MWANAIDI: Kwa nini kabla ya pantoni?

SHEBE: Wiki ijayo.

MWANAIDI: Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo kuhusu bima ya kamera. Zima.