Gigabaiti 80 zipo, ila hazishikiki

DADA: Karibuni tena. Tuko Mwanjelwa, mvua inapiga bati, mtuvumilie. Fundi, juzi nilikukuta umeinamia laptopu ya kijana mmoja wa chuo, unatikisa kichwa. Kulikoni?

FUNDI: Alitaka Windows yake ibaki, na Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ikae pembeni. Akaipunguza C, sehemu ya diski inamokaa Windows, vizuri tu, akapata gigabaiti 80 tupu. Kufika kwenye kusakinisha, zile 80 anaziona, lakini pameandikwa hazitumiki. Akajua diski imekufa. Kuna mtu keshamwambia anunue nyingine!

DADA: Ukamuuzia?

FUNDI: (anacheka) Ningekosa usingizi, dada. Diski nzima kabisa, daftari lake ndilo lililojaa. Diski ilikuwa ya MBR, mtindo wa kuorodhesha vipande vya diski, wa tangu 1983. Sekta ya kwanza ina baiti 512. Humo orodha ya patisheni, yaani hivyo vipande, imepewa baiti 64 tu, na kila patisheni inakula 16. Gawanya.

DADA: Nne.

FUNDI: Nne, basi. Na zote zilishachukuliwa: ya kuwashia, C yenyewe, ya kurejeshea mfumo, na moja ya waliotengeneza mashine, yenye vikorokoro vyao. Kiwanja kipo, mstari wa kumwandika mwenye kiwanja hakuna.

DADA: Mbona nimewahi kuona mashine ina patisheni saba?

FUNDI: Labda ni GPT, mtindo mpya zaidi wa orodha hiyo, Windows inaipa hadi 128. Au ni MBR ambayo mstari mmoja umefanywa mfuko, nyingine zinakaa ndani yake.

DADA: Si angeiambia tu Windows itengeneze ya tano?

FUNDI: Hapo ndipo watu wanapochinjwa! Inakuuliza kwa upole kabisa: nigeuze diski iwe dainamiki, yaani ya mpangilio wa Windows yenyewe? Mtu anabofya ndiyo. Kuanzia hapo Ubuntu haisakinishiki, na kurudi nyuma kwa zana za Windows lazima ufute kila kitu. Ukiulizwa swali hilo, jibu hapana, funga dirisha, nenda kanywe chai.

DADA: Yeye alibofya?

FUNDI: Alikuwa anakaribia. Nikaanza na bekapu kwenye diski ya nje. Halafu, mwenyewe akikubali, nikafuta ile ya vikorokoro. Mstari mmoja ukaachia, nikaufanya mfuko, Ubuntu ikaingia humo.

DADA: Kwa nini usiigeuze iwe GPT moja kwa moja?

FUNDI: Windows ina zana yake, mbr2gpt, lakini inagoma ukiwa na patisheni kuu, zile za kwenye mistari minne, zaidi ya tatu. Halafu mashine yenyewe ya zamani, haina UEFI, ile programu ya kuwashia mashine ambayo Windows inaihitaji ili iwake kwenye GPT.

DADA: Na umeme wetu huu?

FUNDI: Betri ilikuwa asilimia 90. Mimi patisheni siigusi kwa betri mbovu, hata unilipe.

DADA: Lakini jana nimemwona tena hapa.

FUNDI: Ah, ile ndogo. Akiwa Ubuntu, mafaili ya Windows yanafunguka ila hayaandikiki. Windows ilikuwa haijazimika, imelala tu, kwa sababu ya ule uwashaji wa haraka. Unashikilia Shift huku unabofya kuzima. Ukichoka kushikilia, unauondoa kwenye mipangilio ya umeme.

DADA: Na malipo je? Maana nimeona mkungu wa ndizi nyuma ya mlango.

FUNDI: Kwao Tukuyu. Chukua chana moja, dada, ila usiwaambie wasikilizaji.