Anzeni na Pawasaplai: Mhadhara kwa wanaotaka kuunda kompyuta ya nyumbani kwa fedha kidogo

Wazee wangu shikamooni. Wengine habari za jioni.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na tano, na ameniomba kwa heshima zote kwamba safari hii nisizungumzie pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, peke yake. Nimemsikia. [Kicheko.] Mnacheka nini sasa? Nimesema nimemsikia, sijasema nimekubali.

Swali ninaloletewa kila mara ni hili: "Fundi, nina laki nane, nataka kuunda kompyuta ya nyumbani, ya kila kitu. Niweke prosesa gani?" Hiyo "ya kila kitu" naijua. Watoto wafanyie kazi za shule, mama aweke hesabu za duka la mawese, kijana ahariri video za harusi, usiku mpira, na gemu ambalo halitajwi mbele ya baba. Yote halali. Kinachonikera ni kwamba mtu anakaa Kigoma, anajua umeme wetu, halafu swali lake la kwanza ni prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote.

Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Aliyekulia Mwanga au Ujiji anaijua taa inayofifia jioni mafriji na pasi vikiwaka pamoja. Anaijua ile ya umeme kukatika, kurudi, kukatika tena kabla hujamaliza kusema "umerudi". Watu wa umeme mmo humu ukumbini, nimewaona, sina ugomvi nanyi. Nasema tu kwamba hicho ndicho kinachoingia ukutani, na kifaa cha kwanza kukutana nacho ndani ya kasha ni pawasaplai. Yenyewe ndiyo inageuza volti 230 za ukutani kuwa 12, 5 na 3.3. Ikigeuza vibaya, madabodi yako (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote), ramu yako (kumbukumbu ya kazi ya muda) na diski yenye picha za marehemu bibi vyote vinakula uchafu huo.

Aliletwa kwangu bwana mmoja kutoka Gungu na mashine ya kuhariria harusi. Inawaka vizuri, inacheza muziki, unaandika barua, hakuna shida. Akibonyeza tu itoe video iliyokamilika, puu, inazima. Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshabadilishiwa ramu, ameshawekewa Windows upya mara mbili, na fundi mmoja alimwambia ni kirusi. Kirusi! Kirusi kinachosubiri bwana harusi akate keki ndipo kiamke? [Kicheko.]

Mimi sikuwasha kitu. Nilitoa pawasaplai nikaipima kwa mkono, nyepesi kama sanduku tupu. Ubavuni imeandikwa 650W, yaani wati 650, kwa herufi kubwa za dhahabu. Sasa hapa mnisikilize, hata kama mtasahau mengine yote. Msisome hizo herufi kubwa. Chini yake kuna jedwali dogo, la maandishi ya kutafuta miwani. Tafuteni mstari wa +12V. Yake ilisomeka 18A, yaani ampea 18. Volti mara ampea ndiyo wati. Kumi na mbili mara kumi na nane ni ngapi? Nani kasema? Ndiyo, 216. Prosesa na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, hula kutoka kwenye mstari huo wa volti 12. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe amekiri, kwa maandishi madogo, kwamba wati 650 zake kazini ni 216. Na hizo 216 nazo ni kwa kauli yake!

Nikaifungua. Ninyi msifungue. Kapasita kubwa la ndani, kile kikopo kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na halijui kama wewe ni mtu mzuri. Ndani, kapasita mbili ndogo zilikuwa zimevimba vichwa, zimetoa maji ya kahawia yakakauka. Pale umeme unapoingilia, ubao una alama zilizochapwa kabisa kwamba hapa ikae koili, yaani waya uliozungushwa, ya kuchuja umeme, hapa nyingine. Koili hakuna. Wameweka vipande vya waya vilivyopindwa, umeme upite moja kwa moja kama mgeni asiyebisha hodi. Video ikianza kutoka, prosesa inaomba nguvu yote, volti zinaporomoka, mashine inazima. Ramu aliyonunua ilikuwa nzima. Ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima.

Najua kuna anayesema moyoni: "Fundi anatutisha, jirani yangu anayo ya bei chee na ni mwaka wa tatu." Sawa. Jirani yako anafungua barua na kusikiliza kaswida, mashine yake inakula wati hamsini. Mwambie atoe video ya saa mbili tuone.

Na mwingine anasema: "Basi nitanunua ya wati 800, nimalize kazi." Hujanisikia! Kompyuta ya nyumbani isiyo na kadi ya grafiki kwa kawaida haivuki wati 150 hata ukiibana. Huhitaji wati nyingi, unahitaji wati za kweli. Wati 450 za mtengenezaji anayeeleweka zinatosha na kubaki. Tafuteni alama ya 80 Plus, mpango uliotokea Marekani mwaka 2004. Hiyo nayo hupima ufanisi tu, yaani umeme mwingi kiasi gani unapotea kuwa joto, haipimi usalama. Na stika za kuiga zipo, kwa hiyo tafuteni modeli kwenye orodha iliyo katika tovuti yao. Halafu ile yenye swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230, iacheni dukani. Mtoto akiisogeza kwenye 115 ukachomeka, mtaa mzima utajua. Nzuri za siku hizi hazina swichi. Nyingi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe, na kwa jioni zetu hizo za taa kufifia, hiyo ni neema.

Kununua prosesa ya maana na pawasaplai ya takataka ni kufunga injini mpya kwenye mtumbwi unaovuja. Basi, nimemaliza. Mwenyekiti, saa ngapi? Aa. Hapana, UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, lazima niiseme, ni umeme uleule.

UPS imeandikwa 650VA, mtu anadhani ni wati 650. Nyingi za kiwango hicho hubeba wati 360 hivi au 390. Kwa mashine niliyoieleza inatosha, pamoja na monita. Kazi yake ni dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Si ya kumalizia kipindi cha pili. Msichomeke printa ya leza wala pasi humo, nimeyaona. Betri yake ni ya risasi, baada ya miaka michache itachoka; badilisheni betri, msitupe UPS. Asiyeweza kununua UPS kabisa, na umeme kwake unakatika kila siku, na ana kazi za barua na hesabu tu, basi anunue laptop. Laptop ina betri yake tumboni. Mnaweza hata kutoka sasa hivi, sitawachukia.

Haya, mengine kwa haraka.

Prosesa. Kama hununui kadi ya grafiki, chukua prosesa yenye grafiki ndani. Ryzen 5 5600G inayo, Ryzen 5 5600 bila hiyo G haina. Kwa Intel, i3-12100 inayo, yenye F mwishoni haina. Herufi moja, na umebaki na kompyuta isiyotoa picha, na duka liko Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mjue hivyo kabla ya kutuma pesa: bei nafuu ya Kariakoo haijajumlisha nauli ya kurudisha.

Ramu, giga 16 kwa anayehariri video, na ziwe vijiti viwili vya 8, si kimoja. Grafiki ya ndani inaazima ramu hiyohiyo, vijiti viwili vinaipa njia mbili. Angalieni madabodi inataka ramu ya aina ya DDR4 au DDR5, haziingiliani hata ukisukuma. Msisukume.

Diski ya mfumo iwe SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, hilo halijadiliwi. Hata ya SATA, ile inayounganishwa kwa waya wa zamani, husoma kama mega 500 kwa sekunde, wakati diski ya kawaida ya kuzunguka, hard disk, inahangaika na 150. Harusi za zamani ndizo mzitupie kwenye hard disk.

Mzee wangu pale amenyoosha mkono, najua anauliza: kwa nini nisinunue mtumba wa ofisi, Dell au HP, nikaepuka haya yote? Unaweza, mzee wangu, na kwa laki nane mara nyingi ndiyo njia ya akili. Lakini muuzaji akisema "ni i5", mwulize i5 ngapi. i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8500 cha nane. Windows 11 inataka Intel kuanzia cha nane, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Asiyeogopa Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, achukue cha sita na abaki na chenji. Na mjue mashine nyingi za namna hiyo zina pawasaplai ya umbo lake na plagi zake, ikifa huwezi kuweka ya dukani hivihivi. Angalau yake ya asili huwa ni nzito.

Ndiyo, mwenyekiti, nimerudi tena kulekule.

Kadi ya grafiki nilikuwa nayo hapa kwenye karatasi, na vumbi, na kasha. Kasha, lolote lenye tundu mbele. Vumbi, pulizeni kila baada ya miezi michache, hili letu jekundu linaganda kwenye feni. Kadi ya grafiki muulizeni kijana yeyote wa gemu, hatanyamaza hadi kesho. Kama mnatuma kompyuta kwa basi, kadi hiyo ing'oeni kwanza kwenye madabodi, isisafiri ikining'inia.

Maswali. Tuanze na mama aliye nyuma, halafu yule kijana anayenibishia kwa kichwa tangu kwenye wati.