Kabla Hujanishauri, Niulize

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mlionisikia nikilisema jambo hili mahali pengine mtanivumilia, maana nitalisema tena, na nitaendelea kulisema mpaka watu waache kumshauri mtu kabla ya kumuuliza amefikia wapi.

Nianze na mama mmoja ninayemfahamu vizuri. Alikuwa mhasibu, kazi ya kudumu, akapata nafasi ya kurudi kusoma. Ana watoto wadogo na mzazi mgonjwa nyumbani. Yeye na mumewe walikwisha kukaa wakapiga hesabu: akiba itafika wapi, nani atamwangalia mzee mchana, nani atawapokea watoto. Likabaki jambo moja tu, aanze mwaka huu au aahirishe mpaka mtoto mdogo aingie shule. Hilo peke yake. Akalitaja mbele ya watu, na hapo ndipo balaa ilipoanza.

Mmoja akamwambia kazi hazipatikani, asithubutu kuacha. Mwingine: "Fuata moyo wako." Wa tatu akaleta habari za binamu aliyeacha kazi akasoma, leo ni mkurugenzi. Wa nne akaleta za shemeji aliyeacha kazi akasoma, leo amekaa tu. Kisha akaja yule anayenikera kuliko wote: "Lakini, dada, umewafikiria watoto?" Jamani! Mtu hajapata usingizi kwa ajili ya kuwafikiria wanawe, nawe unamuuliza kama amewakumbuka! Unadhani wewe ndiye wa kwanza kugundua kwamba ana watoto?

Katika wote wale hakuna aliyemuuliza, "Umefikia wapi katika kuamua?" Wangeuliza, wangejua kwamba suala la kuacha kazi lilikwisha. Walimrudisha mwanzo wa safari aliyokwisha kuitembea, kila mmoja kwa zamu yake, naye kila jioni anaeleza upya hesabu zile zile kwa mtu mpya. Na ushauri wa namna hii una gharama ambayo mtoaji haioni. Mpokeaji ashukuru. Usipomfaa, aeleze kwa nini haufuati. Mambo yakienda kombo, aje asikie "nilikwambia." Nguvu zote hizo zilitakiwa kwenye uamuzi wenyewe.

Lililoniuma zaidi ni hili. Mama yule alinyamaza. Aliacha kulitaja kabisa, kwa kila mtu. Na miongoni mwa watu aliowanyamazia alikuwamo mmoja aliyesoma chuo kile kile, aliyejua kama wanakubali mtu aahirishe nafasi yake au anaipoteza. Ndiyo habari pekee aliyoihitaji! Aliipata imechelewa, kwa sababu wasio na habari walikuwa wamemchosha asiweze kumsikiliza mwenye nayo. Msiniulize hatimaye aliamua nini. Uamuzi ni wake, na mzuri au mbaya hauwasafishi wale.

Sasa mtaniambia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila ninapozungumza methali hii hutolewa, na jibu langu ni lile lile. Mkuu anayestahili kusikilizwa ni yule aliyesikia kwanza. Aliyekukatiza kabla hujamaliza sentensi ya pili hajui guu lako liko wapi. Wazee wale wale walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbona hiyo hamnitolei?

Mwingine atasema, "Kwa hiyo nikimwona mwenzangu anataka kutia saini mkataba wa kitapeli, ninyamaze?" Hapana! Sema, tena upesi. Mwonyeshe kifungu chenyewe. Hiyo ni habari, na mtu anaweza kuipima. "Ningekuwa wewe nisingefanya" haipimiki. Ungekuwa yeye ungekuwa na mzazi wake mgonjwa, na akiba yake, na woga wake. Huna hata kimoja.

Wala hili si suala la hisia tu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa, husukumwa kuutetea, hata kwa kung'ang'ania kile anachokatazwa. Baadaye William Miller na Stephen Rollnick, waliotokana na kazi ya kuwasaidia watu wenye tatizo la pombe, wakasisitiza jambo ambalo kila mshauri angepaswa kulijua: mtu mwenye nia mbili, ukimsukumia upande mmoja, yeye hutetea ule wa pili. Na kadiri anavyoutetea kwa kinywa chake, ndivyo anavyouamini. Kwa hiyo unayemhimiza aache pombe kwa hotuba unamsaidia kutafuta sababu za kunywa. Washauri wanaofuata njia yao hufundishwa kuuliza mtu anajua nini tayari, kuomba ruhusa, kutoa habari, kisha kuuliza tena anaionaje. Kama aliyesomea kazi hiyo huomba ruhusa, mimi na wewe ni nani hata tuingie bila hodi?

Habari za yule binamu mkurugenzi nilitaka kuzieleza kwa urefu, nitazikatisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtakwimu Abraham Wald alishughulikia ndege za kivita zilizorudi na matundu. Aliona kwamba hesabu isiwasahau wasiorudi: pale ambapo zilizorudi hazikutobolewa ndipo palipohitaji ulinzi, maana zilizopigwa hapo zilianguka. Binamu ni ndege iliyorudi. Shemeji naye ni mtu mmoja tu. Hakuna anayeamua maisha kwa mifano miwili ya mezani.

Kwa anayeshauriwa nina machache. Usitaje jambo lako likiwa wazi kila upande. Sema: "Hili na hili nimeshaamua, nauliza hili moja." Mwenye habari atajitokeza, na asiye nayo umemfungia mlango bila kumtukana. Akiendelea, mwambie, "Nimekusikia," kisha ubadilishe mazungumzo. Huna deni la kumweleza zaidi.

Nilikuwa pia na sehemu ya wazazi wanaowachagulia watoto wazima kazi na wachumba, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mtakaotaka tuizungumze, iulizeni sasa kwenye maswali.