Si Kila Anayelia Chooni Ana Bawasiri

Kaeni, kaeni. Nasikia hapa Kondele mnaniita daktari wa makalio. Sawa, jina halina kidonda.

Narudia lile lile la kila siku: mpasuko, yaani ngozi ya tundu la haja kubwa kuchanika, si bawasiri. Mwenzenu mmoja wa bodaboda alinijia akiwa amekalia tako moja. Miezi tisa alikuwa akipaka krimu ya bawasiri aliyouziwa dukani. Nikamuuliza, "Ukienda haja kubwa unasikiaje?" Akasema, "Kama kupitisha vigae vya chupa. Halafu moto unawaka saa mbili nzima, nakataa hata abiria." Bawasiri za ndani aghalabu hutoa damu bila maumivu, mpasuko hukata. Kumwangalia, mpasuko uko upande wa nyuma, kama ilivyo mara nyingi, na kijinyama pembeni yake. Hicho kijinyama ndicho kilichowadanganya, yeye na muuza dawa.

Mbona haukupona? Pale pana msuli wa ndani ambao ukisikia maumivu unakaza. Ukikaza, damu haifiki vizuri, na kidonda kisichopata damu hakifungi. Naye kwa woga akawa anazuia choo siku tatu, nne, mpaka kikawa jiwe. Jiwe likapasua upya. Akaona dawa ni kupunguza kula! Nikamwambia, kijana, wewe unaogopa choo, na choo kinanenepa kwa woga wako.

Najua mtasema, "Sisi mboga tunakula." Mboga gani? Ugali wa sembe mkubwa kama helmeti, sukuma kijiko kimoja, na jua lote hili la Kisumu unashinda na soda moja. Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi gramu 25 hadi 35 kwa siku. Peleka mahindi kinuni yasagwe bila kukobolewa, tia wimbi, kula maharagwe, osuga (mnavu), papai. Na maji! Lakini ongeza polepole, gesi isije ikakuaibisha ukiwa na abiria nyuma.

Ukitoka chooni, kalia karai la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Maji matupu, msitie dawa ya kuua vijidudu, nawaomba. Laktulosi hulainisha choo. Marhamu ya kulegeza msuli ni diltiazemu au gliserili trinitreti, kwa maagizo ya daktari, kwa kawaida mara mbili kwa siku, wiki 6 hadi 8. Yule kijana aliacha wiki ya pili, eti maumivu yamekwisha. Tukaanza upya. Hiyo ya trinitreti huumiza kichwa, na asiiguse anayemeza vidonge vya nguvu za kiume, presha itaanguka vibaya. Mnacheka, lakini nawajua.

Kuna sindano, kuna upasuaji mdogo wa msuli, nilitaka kuueleza na hatari yake ya kushindwa kuzuia gesi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Choo cheusi, kukonda, au mpasuko ulio upande wa kulia au kushoto wa tundu: hapo usitafute marhamu, njoo upimwe.

Maswali? Na wewe kijana uliyesimama tangu nianze, viti vipo tele, baki kidogo tuongee.