Kwale wawili, firigisi mbili

MARIAMU: Mbukwenyi wasikilizaji wetu, wa hapa Dodoma na mlioko mbali. Shemeji leo kaja na masomo matatu ya uwindaji kwenye karatasi. Ila kwanza tusimulie ya Jumamosi.

CHILEWA: Jumamosi nilikuwa upande wa Kintinku na mwanangu Daudi, leseni mfukoni, jua ndiyo kwanza linachomoza. Tunapita pembeni ya shamba la uwele lililovunwa. Kwale wanapapenda hapo, wanachakura punje zilizodondoka. Hatua kumi mbele yangu, wakaruka wawili kwa mpigo. Unajua kwale anavyoruka, kama mtu anayechana turubai.

MARIAMU: Moyo unaruka nao.

CHILEWA: Kabisa. Kosa la wengi ni kulipigia kundi, wanaambulia hewa. Mimi nikamchagua mmoja, yule wa mbali, kwa sababu wa karibu ukimgeukia bado yumo ndani ya masafa. Mtutu wa kwanza, akashuka. Nikageuka, mtutu wa pili, mwenzake akadondoka pale pale. Miaka 11 nawinda, sijawahi kupata wawili kwa mruko mmoja.

MARIAMU: Hongera, shemeji. Na yule wa kwanza ulimwokota saa ngapi?

CHILEWA: Baada ya dakika 40.

MARIAMU: Enhee.

CHILEWA: Alivunjika bawa, akakimbia. Kwale akishagusa chini, miguu ndiyo maisha yake. Daudi ndiye aliyemwona, amejibana chini ya kichaka cha miiba, katulia kama kisiki. Lile koo la njano lisilo na manyoya ndilo lililomsaliti. Nikammaliza haraka. Sasa mtoto kabla hata hatujafika nyumbani anasema, "Baba, huyu firigisi yake ni yangu."

MARIAMU: Na ni yake!

CHILEWA: Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, Mariamu. Tumekuta hivyo.

MARIAMU: Ya kuku, sawa. Kuku kafugwa nyumbani, hajatafutwa na mtu kwenye miiba. Huyu bila Daudi angekuwa chakula cha mbweha.

CHILEWA: Dada yako naye kaniambia hivyo hivyo. Kaipasua mbele yangu, akamwaga vile vijiwe, kaosha, akaiweka sahani ya mtoto. Mimi nikabaki na moja.

MARIAMU: Kubwa au ndogo?

CHILEWA: Zinalingana. Nilizipima kwa kidole.

MARIAMU: Wasikilizaji, tutumieni ujumbe wa sauti: firigisi ya ndege wa porini ni ya aliyepiga au ya aliyeokota? Maana kwetu Mpwapwa aliyeokota ndiye alikuwa anaulizwa kwanza.

CHILEWA: Kwetu Bahi hakuna swali hilo.

MARIAMU: Ndiyo maana dada yangu kaamua. Lakini nirudi kwenye zile dakika 40, zimeniuma. Mtutu wa pili si wa ndege wa pili. Ni wa kummalizia wa kwanza kama hajafa. Anaposhuka, jicho linabaki pale alipoangukia, kwenye kichaka kile, mti ule. Wewe ulishageuza shingo.

CHILEWA: Niligeuka baada ya kumwona amekunja mabawa.

MARIAMU: Amekunja, halafu akakimbia. Marehemu baba hakupoteza ndege hata mmoja.

CHILEWA: Namheshimu sana mkwe wangu, Mungu amrehemu. Lakini mzee alikuwa na gobore. Risasi moja, basi, lazima jicho libaki. Mimi nina mitutu miwili na leseni inaniruhusu ndege zaidi ya mmoja. Wameruka wawili, wote ndani ya mita 30. Kwa nini nisipige?

MARIAMU: Kwa sababu mmoja alikaa dakika 40 na bawa limevunjika.

CHILEWA: Hilo linaniuma na mimi. Ila hata ningekuwa namtazama angekimbia vile vile.

MARIAMU: Ungejua kakimbilia wapi.

CHILEWA: Kwenye majani yale? Hapana.

MARIAMU: Mimi sisogei hapo.

CHILEWA: Wala mimi. Mruko ujao, wakiwa wawili na nafasi ipo, napiga wawili.

MARIAMU: Na mimi nitakuwepo, nitashika jicho la wa kwanza. Shemeji, zimebaki dakika mbili na karatasi yako haijafunguliwa.

CHILEWA: Somo la kwanza lilikuwa namna ya kusimamisha miguu kabla ya...

MARIAMU: Wiki ijayo. Kuna sauti ya msikilizaji imeingia sasa hivi, yuko Kondoa, anasema firigisi ni ya aliyeokota.

CHILEWA: Huyo ni ndugu yako.