Chupa ya Mama na Fungu la Mchicha

ZUHURA: Karibuni tena. Leo nimejiandaa, nina mambo matatu ya kufundisha kuhusu vitamini kwa wagonjwa wa moyo, nimeyaandika kabisa. Mashaka asituletee habari za Simba na Yanga.

MASHAKA: Sijasema kitu.

ZUHURA: Uso wako umeshasema. Haya, tuambie ya Jumatano.

MASHAKA: Jumatano nilimpeleka mama kliniki. Mama mnamjua, ndiye aliyepiga simu katikati ya kipindi kuuliza kama nimekula.

ZUHURA: Shikamoo mama!

MASHAKA: Ana vali ya bandia kwenye moyo, kwa hiyo kila siku anakunywa wafarini damu isigande. Kipimo chake cha INR, kile kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinatakiwa kicheze kati ya 2.5 na 3.5. Jumatano kikasoma 1.6, yaani damu inaganda upesi mno. Daktari anauliza, "Mama, umebadilisha nini?" Mama anaangalia dari. Mimi ndiyo nikakumbuka chupa.

ZUHURA: Chupa ya binamu.

MASHAKA: Binamu kaja kutoka Marekani na chupa mbili. Moja vitamini C tupu. Nyingine mchanganyiko, kila herufi imo, chupa yenyewe kubwa kama dumu la mafuta ya kupikia.

ZUHURA: Na K imo humo. Wasikilizaji, ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Wafarini inazuia mwili usiitumie upya hiyo K. Sasa ukimeza K kwa mkono wa kushoto na wafarini kwa mkono wa kulia, unashindana na dawa yako mwenyewe.

MASHAKA: Ndiyo daktari alivyosema. Tena mama akakiri kwamba alivyosoma "vitamini" kwenye chupa, akaona aongeze na mchicha.

ZUHURA: Mama jamani.

MASHAKA: Daktari akamwambia mchicha asiuache, wala matembele asiyaache, ila ale kiasi kilekile, asipande asishuke. Mama akauliza, "Kiasi gani?" Daktari: "Kiasi cha kawaida." Mama: "Fungu moja?" Daktari: "Sawa, fungu moja."

ZUHURA: Hapo daktari kakosea. Fungu la wapi?

MASHAKA: Ndiyo nikwambie! Njia nzima kurudi tunabishana fungu la wapi.

ZUHURA: Fungu la asubuhi Kariakoo na fungu la jioni Mbagala si ndugu. Jioni mtu anataka kwenda nyumbani, anakufungia shamba zima.

MASHAKA: Halafu kuna nyongeza. Yule dada anayemuuzia mama, wamezoeana, kila siku lazima nyongeza. Nyongeza ina vitamini K kiasi gani?

ZUHURA: (anacheka) Kwenye vitabu vyetu vya famasi nyongeza haimo.

MASHAKA: Masika mafungu yananenepa, kiangazi yanakonda. INR ya mama inafuata msimu kama bei ya nyanya.

ZUHURA: Na mvua ikikatika, yule dada anatoa matembele badala yake, "chukua haya mama, ni yaleyale."

MASHAKA: Si yaleyale?

ZUHURA: Yote yana K, ila usiniulize kwa nyongeza. Apime kwa kikombe cha mboga iliyopikwa, basi. Na asiambiwe kwamba mwaka 1948 wafarini iliingia sokoni Marekani kama sumu ya panya.

MASHAKA: Zuhura, mama anasikiliza kipindi hiki.

ZUHURA: Mama, ni dawa nzuri sana. Ile chupa ya mchanganyiko iko wapi?

MASHAKA: Nimeiondoa. Ya C nimeiacha pale kitandani. Daktari kaiona, kasema kwa kiasi kile haina shida.

ZUHURA: Na moyo itausaidia?

MASHAKA: Kasema hapana.

ZUHURA: Mama umemwambia?

MASHAKA: Sijamwambia, na simwambii.

ZUHURA: Mashaka! Watu wamepimwa kwa maelfu. Uingereza, majibu ya mwaka 2002, watu 20,536, vitamini E, C na beta-karotini kwa miaka mitano. Mshtuko wa moyo haukupungua, vifo havikupungua. Utafiti mwingine mkubwa, unaitwa HOPE, vitamini E uniti 400 kila siku, patupu. Walivyoendelea kuwafuatilia, waliokuwa wanaimeza wakazidi wenzao kwa moyo kushindwa kufanya kazi.

MASHAKA: Hiyo ni E. Mimi nasema C. Na wewe mwenyewe unaziuza kaunta.

ZUHURA: Nauza na pipi.

MASHAKA: Sikiliza, dada. Kabla ya chupa hii mama alikuwa anaruka wafarini, leo anakunywa, kesho kasahau. Sasa anaiweka pamoja na ile ya mwanawe wa Marekani, na hajaruka hata siku moja. Nimwambie haina kazi?

ZUHURA: Umwambie. Unamfundisha kwamba kinachomweka hai ni ile chupa. Siku pesa ikibana akatakiwa achague kimoja, atachagua kipi?

MASHAKA: Pesa ikibana nipo mimi.

ZUHURA: Usipokuwepo je?

MASHAKA: Unamnyang'anya zawadi kwa jambo ambalo halijatokea.

ZUHURA: Simnyang'anyi. Aijue ni zawadi, aendelee kuinywa kama zawadi. Yule ni mtu mzima, Mashaka.

MASHAKA: Ni mtu mzima aliye mama yangu.

ZUHURA: Ndiyo umdanganye?

MASHAKA: Kunyamaza si kudanganya.

ZUHURA: Kwa mgonjwa, ni kudanganya.

(kimya)

MASHAKA: Hatutaelewana leo.

ZUHURA: Hatutaelewana. Na fundi mitambo ananionyesha saa. Mambo yangu matatu sijasema hata moja!

MASHAKA: Omba nyongeza.

ZUHURA: Kakataa, kuna watu wanasubiri studio. Haya, tutumieni picha ya fungu la mchicha la sokoni kwenu. Wekeni na kiberiti pembeni tuone ukubwa.

MASHAKA: Na mwandike ni la asubuhi au la jioni.