Wageni Wakigeukiwa Uingereza, Watu wa Dini Wanasimama Wapi?

Haya jamani, karibuni. Kila Uingereza ikionekana kwenye habari, simu yangu haipoi: “Dada, huko mnachomwa? Na makanisa yanasema nini?”

Turudi Julai 2024. Tarehe 29, mjini Southport, mabinti watatu wadogo waliuawa kwa kisu wakiwa kwenye darasa la dansi. Mara mitandaoni likazuka jina la kubuni, eti muuaji ni Mwislamu aliyeingia kwa boti kuomba hifadhi. Kumbe ni kijana wa miaka 17, mzaliwa wa Cardiff, hapa hapa Uingereza. Uongo ulishatembea. Kesho yake jioni umati ukaurushia matofali msikiti wa mtaa, na watu wamo ndani. Kulipokucha, majirani wakaja na mafagio, na mafundi wakaujenga upya ukuta bila kudai hata senti.

Ila ninayopenda kuwasimulia ni ya Liverpool. Kuna msikiti wa Abdullah Quilliam, Mwingereza aliyesilimu karne ya 19 (kwa hiyo wanaodai Uislamu huku umeshuka juzi, poleni). Tarehe 2 Agosti waandamanaji wa kupinga wahamiaji wakakusanyika nje. Imamu Adam Kelwick na wenzake wakawaendea na baga na vinywaji baridi. Wengine walikataa katakata. Wengine wakala, wakaanza kuongea, wakaishia kukumbatiana.

Video ile ilizunguka sana, lakini tusidanganyane: siyo baga iliyozuia mawe. Polisi walikuwepo, na wenyeji kwa mamia walishakuja kuulinda msikiti. Imamu alipata nafasi ya kuwa mpole kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yake. Rotherham, siku mbili baadaye, watu walijaribu kuichoma hoteli yenye waomba hifadhi, wakiwemo humo humo. Pale tamko la askofu lingezima nini?

Tarehe 7 Agosti orodha ya sehemu za kushambuliwa ikasambaa. Mojawapo ilikuwa kituo cha kusaidia waomba hifadhi kilichomo kanisani, St Anne’s, hapa Liverpool. Watu wakaujaza mtaa mzima kukilinda, wenye dini na wasio na dini.

Sasa, sisi Wakristo tuna letu. Septemba 2025, kwenye maandamano makubwa London, waandamanaji walibeba misalaba ya mbao huku jukwaani wahamiaji wakisemwa. Viongozi wa makanisa wakaandika barua ya wazi kuikataa tabia hiyo. Barua ni sawa, iandikwe. Mimi naangalia zaidi kilichofanyika usharikani kwetu Agosti ile ya 2024: kundi la WhatsApp lilipanga nani ana gari, nani ampeleke nesi wa zamu ya usiku, nani amsindikize mama mwenye hijabu anayekaa jirani.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akija kusoma huku, mwambie atafute kanisa au msikiti wiki ya kwanza, aache na namba yake ya simu. Asingoje fujo zianze.